Kutu ya Uongo Inauza, Lakini Behewa Linaanguka

Zamu ya kuandika imenifikia. Wenzangu wameandika mambo makubwa: karatasi za ofisi, masomo, kodi ya nyumba. Mimi naomba niandike kuhusu kitu kinachoenea kwenye kiganja: behewa la treni lililotengenezwa kwa mkebe. Mkiona mada ni ndogo, nivumilieni. Ndani yake kuna deni, na deni ni langu.

Wengi mnaijua meza yetu ya Jumamosi hapa Kansanga. Kwa wasioijua: mwaka juzi mmoja wetu alienda Owino kutafuta viatu, akarudi na katoni ya michezo ya watoto ya mitumba. Ndani kulikuwa na kichwa cha treni kidogo cha umeme, vipande vya reli vya kutosha kufanya duara, na mabehewa mawili yaliyovunjika. Muuzaji mwenyewe hakujua ni nini. Mota yake inataka volti 12, basi tukaazima betri ya boda. Kikatembea! Siku ile hata mama mwenye nyumba aliacha kufua akaja kuangalia.

Kichwa bila mabehewa ni nini? Tukaanza kutengeneza yetu. Mkebe wa maziwa, mkebe wa nyanya, unakata, unanyoosha, unakunja kwa koleo, unaunganisha kwa waya. Wengi wetu tulishafanya magari ya waya tukiwa wadogo, mikono inakumbuka. Magurudumu tunachongewa na fundi wa Katwe. Kwa macho, behewa la kwanza lilikuwa zuri kuliko hata yale ya dukani.

Lakini kila likifika kwenye kona, linaanguka.

Tukalaumu reli. Tukalaumu fundi wa Katwe, masikini, bila kosa. Mwishowe mdogo wetu mmoja, msichana wa miaka 12 ambaye huwa anakaa pembeni kimya, akasema, “Yaya, iko mwepesi. Inaogopa kona. Muweke kitu ndani.”

Alikuwa na haki. Nikaenda kusoma kwenye simu. Kumbe wenzetu wa Marekani wanaopenda treni ndogo wana chama chao, NMRA, na chama kimeandika kanuni ya uzito. Kwa treni za kipimo kama chetu, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, behewa linatakiwa kuwa na wakia moja ya kuanzia, halafu nusu wakia kwa kila inchi ya urefu wake. Kwa gramu ni kama 28, halafu 14 kwa kila inchi. Behewa letu lina inchi 4. Fanya hesabu: 28 na 56, jumla gramu 84. Tukalipeleka kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 31. Tulikuwa tunatuma mtoto mwenye njaa abebe gunia.

Sababu yake ni rahisi. Treni inapopinda, kichwa kinavuta na mabehewa ya nyuma yanazuia. Lile la katikati linavutwa pande mbili, linataka kukata kona lipite njia fupi. Likiwa zito linashika reli. Likiwa jepesi, nyuma yake kuna mazito, linanyanyuka na kulala ndani ya kona. Na uzito wenyewe lazima ukae chini, karibu na magurudumu, na ugawanyike sawa mbele na nyuma. Tuliwahi kubandika nati zote kwenye paa kwa ndani kwa sababu ilikuwa rahisi. Behewa likawa kama mlevi wa Kabalagala saa nane za usiku.

Kuzidisha nako kuna shida yake. Ukijaza gramu 200 kila behewa, kichwa kinasimama pale pale magurudumu yanazunguka bure. Zile injini kubwa za mvuke za reli ya Afrika Mashariki, zile Garratt za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima, zilikuwa na tani 250 hivi kila moja, kwa sababu injini isiyo na uzito haiwezi kuushika mlima. Moja yao, Mount Gelai, iko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi mpaka leo. Kwa hiyo kila kitu kwenye treni kinataka uzito wake, siyo wa jirani.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wadogo zetu: msitumie risasi. Najua ni nzito, najua kwenye betri za zamani imejaa. Lakini ni sumu, na moshi wake ukiiyeyusha ni mbaya zaidi, hasa kwa mtoto. Watu wa kijiji cha Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wakaumia, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwetu tunatumia nati, washa na vipande vya misumari, tunavibandika sakafuni mwa behewa kwa gundi. Gramu 53, kazi imekwisha.

Sasa tuje kwenye kutu.

Mimi ni mtoto wa Goma. Goma haina reli. Tuna ziwa, tuna mlima wa moto, tuna chukudu zinazobeba magunia, lakini treni hapana. Tulitoka Novemba 2012, M23 walipoingia mjini. Nilikuwa na miaka 10. Tulipita Bunagana, tukalala Nyakabande pale Kisoro, kisha tukapelekwa Rwamwanja. Reli ya kwanza maishani mwangu niliiona Kamwenge, imelala kwenye majani. Ni ile njia iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ikaja kuachwa. Niliuliza hicho chuma ni cha nini, mzee mmoja akaniambia, “Hiyo ni barabara ya zamani.”

Basi tulipotaka mabehewa yetu yafanane na ya kweli, ilibidi twende kuangalia. Tulishuka kwa miguu mpaka Namuwongo, kwenye ile njia ya kwenda Port Bell, ambako watu wanauza mkaa na kuanika nguo karibu na reli. Tulikaa tunaangalia mabehewa mpaka watu wakaanza kutushuku.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba kutu haikai popote inapotaka. Inataka chuma, maji na hewa. Kwa hiyo inaanza pale rangi ilipokwaruzwa, chini ya mlango ambako maji ya mvua yanasimama, kuzunguka vichwa vya ribiti, kwenye kona ambazo hakuna anayefuta. Kutoka hapo inashuka kama machozi, chini tu, haipandi. Behewa la mafuta lina mstari mweusi kutoka kwenye mdomo wa kujazia. La saruji lina weupe juu. Chini kabisa, karibu na breki, kila kitu kina rangi ya kahawia. Na sehemu ya gurudumu inayogusa reli inang'aa kama kijiko, kwa sababu kila siku inasuguliwa na kazi.

Kwa hiyo hata kutu ya kutengeneza ina ukweli wake. Namna yetu ni hii. Mkebe una ngozi nyembamba ya bati ambayo kazi yake ni kuzuia kutu, kwa hiyo unaikwangua kwa msasa pale tu unapotaka kutu itokee. Unachukua stilwaya ya kusugulia sufuria, unaiosha kwa sabuni kutoa mafuta, unailoweka kwenye siki siku mbili au tatu. Yale maji unayapaka kwa brashi ndogo, unaacha. Baada ya siku chache kutu inakuja yenyewe, na ni kutu kweli. Vumbi ni la hapa hapa: udongo mwekundu wa Kansanga, unauchuja kwa kitambaa, unaupaka kidogo chini. Masizi ni unga wa mkaa. Mwisho unapaka vanishi isiyong'aa, usipofanya hivyo kutu itaendelea kula mpaka ubaki na matundu.

Hayo matundu ndiyo yaliyonileta hapa.

Mwaka jana, kabla ya Juni 20, Siku ya Wakimbizi, dada mmoja wa shirika moja alikuja kutuona. Ni mtu mwema, nasema tangu sasa, sitaki mtu amtafute. Alipenda mabehewa. Bei yetu ilikuwa 60,000. Akasema, kwa upole kabisa, “Ni mazuri, lakini wageni wetu wangependa yawe na hadithi zaidi. Yaonekane yamepitia kitu.” Mimi nikaelewa. Sisi wote tunaelewa, si ndiyo? Hatukuzaliwa jana.

Nikatengeneza behewa moja. Nikalitoboa kwa msumari, matundu ya risasi. Nikaliunguza upande mmoja kwa mshumaa. Kutu nikaimwaga kila mahali, juu, chini, hata kwenye magurudumu. Na ndani sikuweka uzito, kwa sababu nati zingeonekana kupitia matundu. Karatasi ndogo ikaandikwa: “Behewa lililotuleta.” Bei 150,000.

Lilinunuliwa la kwanza. Mama mmoja mgeni, mtu mzima, alilishika kwa mikono miwili akalia. Akaniuliza kupitia mkalimani kama mimi mwenyewe nilikuja ndani ya behewa kama lile. Nikasema ndiyo.

Goma haina reli, ndugu zangu. Mtu yeyote mwenye ramani angejua. Nilisema ndiyo mbele ya wadogo zangu wa kikundi, na yule msichana wa miaka 12 alikuwa amesimama hapo.

Baada ya wiki mbili dada akapiga simu: wanataka kumi kama lile. Piga hesabu: milioni moja na nusu. Sisi tuko sita. Ni 250,000 kila mtu. Hapa Kampala chumba kimoja cha kupanga kinaitwa muzigo, na wote tunajua ni mzigo kweli. Ile pesa ilikuwa mwezi mzima wa kulala bila kugongewa mlango.

Tulikaa kikao. Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, alisema maneno ambayo lazima niyaandike kwa haki yake. Alisema: “Sisi tumeeleza shida zetu kwenye kila dirisha, bure. Kila fomu inauliza ulipoteza nani. Leo kwa mara ya kwanza mtu analipa, na wewe unaleta dhamiri? Na treni yenyewe yote ni ya uongo. Ni mkebe!”

Ni kweli, mkebe hauwi treni. Naongeza hata jingine: reli ya Uganda ina upana wa mita moja, kwa kipimo chetu ingekuwa milimita 11 na nusu, na ile ya katoni ina 16.5. Kwa hiyo mabehewa yetu yote yamekaa kwenye reli isiyo yao. Lakini huo tunausema wazi, anayenunua anajua anapewa mchezo. Yule mama hakununua mchezo. Alinunua safari yangu, na haikuwa yangu.

Pia naomba tusichanganye mambo mawili. Kwenye dirisha la ofisi, eleza yaliyokupata, yote, bila kupunguza na bila aibu. Ukiwa na tundu la kweli, lionyeshe, ndiyo haki yako. Siandiki kumnyamazisha mtu, na sijui mwenzangu amebeba nini. Ninachosema ni kwamba kati yetu kuna watu ambao kweli walipigwa risasi ndani ya gari. Wapo, mnawajua. Mimi nilitoboa matundu yao kwa msumari wangu nikauza. Siku wao watakapokuja na yao, mtu ambaye ameshaona kumi ya bandia kwenye rafu atawaangalia kwa jicho gani?

Kuna na uongo wa upande wa pili, usidhani nimeusahau. Miaka mingine wanatuambia tupake rangi ya njano na bluu, tuandike “tumaini,” tusionyeshe hata mkwaruzo. Behewa linalong'aa mwili mzima halijabeba kitu. Mimi pia sitaki kuonekana kama nimetoka dukani leo. Nimekwaruzwa, tena najua ni wapi. Na sehemu yangu inayogusa kazi kila siku inang'aa, nayo naomba ionekane.

Nilimpigia dada simu nikamwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema asante, na kwamba bajeti ile ilikuwa ya “vitu vyenye hadithi.” Wakachukua matatu ya kawaida. 180,000. Elfu 30 kila mtu. Tofauti ni 220,000 kwa kila mmoja wetu, na niliamua kupiga simu kabla kikao hakijakubaliana. Hapo nilikosea, na ndilo deni nililosema. Yule mwenzangu mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu. Kaka, kama unasoma: ukweli ulikuwa wangu kuusema, lakini pesa ilikuwa yetu sote. Ningengoja kesho yake. Naomba msamaha kwa hilo, siyo kwa simu.

Sasa niseme ninachotaka, maana maoni bila ombi ni malalamiko tu.

Kwa ninyi wa mashirika: mkija kwenye meza zetu, kabla ya kuuliza hadithi, liwekeni behewa kwenye reli. Linatembea? Linapita kona? Uliza nani aligundua habari ya uzito, utaonyeshwa msichana wa miaka 12 ambaye anastahili ada ya shule kuliko picha. Lipeni bei moja kwa kazi moja, iwe na machozi au bila. Mkilipa 60,000 kwa ufundi na 150,000 kwa matundu, mnatufundisha msumari. Na karatasi ya maelezo tuandike sisi wenyewe. Hatutaiandika vibaya.

Kwa sisi vijana: sheria ya Uganda ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Basi tuuze kazi. Kama una kitu cha kuongeza, anza na uzito, ndani, chini, ambako mgeni haoni. Kutu itakuja, usiwe na wasiwasi, Kampala ina mvua za kutosha. Na ukiipaka kwa mkono, nenda kwanza Namuwongo uangalie maji yanasimama wapi.

Mimi nimeanza kitu kipya. Natengeneza gari lililotutoa Bunagana mpaka Kisoro mjini mwaka ule. Lilikuwa lori la mfanyabiashara wa viazi. Nimemuuliza mama yangu mara tatu nipate uhakika, na mara zote anajibu hivyo hivyo: lilikuwa la bluu, jipya, limeoshwa siku ile ile, na dereva alimkasirikia kwa sababu mimi nilitapika juu ya magunia. Hakuna tundu hata moja. Nimelipima jana, gramu 140, na bado sijaweka viazi.

Jumamosi saa nane meza iko wazi. Atakayekuja aje na mkebe wake. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, tuandikie chini: gari lililokuleta lilikuwa la rangi gani?